Moto haungoji mtoto aombe ruhusa

MIONGONI mwa mambo ya kwanza kabisa anayofunzwa mtoto aingiapo shule ya chekechea ni kuketi kimya, kupanga foleni na kutotoka darasani pasi na ruhusa ya mwalimu. Si mafunzo mabaya. Mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto hamsini au sitini hawezi kuendesha darasa bila nidhamu hiyo. Hata hivyo, ipo siku ambayo utiifu huo huo waweza kumwangamiza mtoto, na hiyo ndiyo siku ambayo mfumo wetu wa elimu haujamwandalia.

Nalizungumzia suala hili nikiitazama Miritini, kwa kuwa ni vigumu kupata mahali pengine katika Pwani ambapo hatari nyingi kiasi hicho zimekaribiana na madarasa ya watoto wadogo. Wadi hiyo ya eneobunge la Jomvu imekaa kandokando ya barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Nairobi. Malori ya kontena yanayotoka bandari ya Kilindini kwenda bara, Uganda na kwingineko hupita pale mchana na usiku, na malori ya mafuta hufuata njia iyo hiyo. Bomba la mafuta la kwenda Nairobi huanzia jirani, Changamwe. Mei 31, 2017, reli ya SGR ilizinduliwa, na kituo chake kikuu cha Mombasa kikawa papo hapo Miritini. Mwaka uliofuata, sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa ikianzia huko huko. Yadi za kontena, maghala na viwanda vimeingiliana na nyumba za watu. Katikati ya yote hayo, mtoto wa miaka mitano hutwaa mkoba wake akaenda shule kwa miguu.

Ukipanda matatu hapo Miritini ukielekea bara, mji unaofuata ni Mazeras. Usiku mmoja wa Machi 1998, wasichana 26 wa Shule ya Sekondari ya Bombolulu iliyoko Mazeras waliteketea bwenini. Jina la shule hiyo limewapotosha wengi, hata baadhi ya waandishi, wakadhani mkasa ulitokea Bombolulu ya Kisauni. Madirisha ya bweni yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi. Huko nako mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Mnamo 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Ni waraka mzuri ambao haujapitwa na wakati. Unaagiza kwamba mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje kamwe wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwekwe vyuma. Mazoezi ya kujiokoa yafanywe mara kwa mara. Waraka huo ulikuja miaka kumi baada ya msiba wa Mazeras. Miaka 16 baada ya waraka, usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, na wavulana 21 wakafariki. Hawa hawakuwa vijana wa sekondari, bali watoto wa shule ya msingi. Ni baada ya hapo ambapo Wizara ilifanya ukaguzi na kuagiza mabweni ya shule 348 za msingi yafungwe. Sheria iliyotumika kuyafunga ilikuwapo tangu hapo.

Sisi tulio katika vyumba vya habari tuna msamiati wetu ulio tayari kwa siku kama hizo: mkasa, simanzi, rambirambi, uchunguzi, tume. Nimehariri habari za namna hiyo kwa miaka mingi na nimeona jinsi neno 'tume' linavyojitokeza siku ya pili au ya tatu, kisha likatoweka baada ya mazishi. Neno ambalo ni nadra kulikuta katika habari hizo ni 'zoezi'. Hatuulizi ni lini watoto hao walifanya zoezi la kutoka nje kwa mara ya mwisho, na wakubwa nao hawalazimiki kujibu.

Tukio linalonifikirisha zaidi halikuhusu moto. Jioni ya Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani. Hakuna jengo lililoporomoka. Walikuwa wakishuka ngazi, kama walivyofanya kila siku ya masomo, wakakanyagana, na 14 kati yao wakafa. Mjadala uliofuata ulihusu upana wa ngazi na usimamizi wa shule, nao ulistahili kuwapo. Lakini hakuna aliyeuliza kama watoto wale waliwahi kufundishwa kushuka ngazi wakiwa wengi. Huo ni ujuzi kama ujuzi mwingine. Mtoto hushika ukingo. Haiinamii kalamu iliyoanguka. Hageuki nyuma kumtafuta rafiki. Aliye mbele akianguka, walio karibu husimama na kupaza sauti kwa neno moja ambalo shule nzima inalijua. Madarasa huteremka kwa zamu. Yote hayo hufundishika kwa wiki moja, na yakirudiwa kila muhula huganda mwilini. Mombasa, ambako ardhi ni adimu na baadhi ya shule za kibinafsi zimefunguliwa katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa kuwa nyumba za kupangisha, somo hilo lina haja kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Kuna wanaosema kwamba watoto wa chekechea na wa Gredi ya Kwanza ni wadogo mno kufundishwa maafa, na kwamba tutawatia hofu bure. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau tungewafundisha maafa. Wanachohitaji ni vitendo. Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Wazima moto wa nchi nyingi wanajua kwamba mtoto akiuona moto mara nyingi hakimbii, bali hujificha uvunguni mwa kitanda au kabatini, kwa sababu kujificha ndilo kimbilio alilolizoea anapoogopa. Usingizi wake ni mzito hata king'ora kinaweza kulia asiamke. Barabarani huliona gari vizuri, ila kabla ya kutimiza miaka tisa au kumi hivi huwa hawezi kukadiria kasi yake. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia awe mwangalifu, hujamwambia neno. Ukimwambia kwamba moshi ukitanda juu atambae kama mtoto mchanga hadi mlangoni, umempa jambo ambalo magoti yake yanaweza kulitenda.

Mambo yenyewe hayazidi vidole vya mkono mmoja: kutambaa chini ya moshi, kutojificha, kujilaza chini na kujiviringisha nguo zikishika moto, kwenda moja kwa moja hadi mahali pa kukutania na kuitika jina lake, na kutorudi ndani kuchukua mkoba. Hilo la mwisho ndilo gumu kupita yote. Mtoto anayejua kwamba akipoteza daftari ataadhibiwa nyumbani atarudi katikati ya moshi kulitafuta, isipokuwa mwalimu na mzazi wawe wamemhakikishia kabla ya siku hiyo kwamba hataulizwa.

Na aambiwe kwa lugha gani? Sera ya elimu inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Miritini lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini shule nyingi zenye mabango ya dharura zimeyaandika kwa Kiingereza, tena kwa ajili ya mkaguzi. Mtoto wa chekechea hajui kusoma, na hata angejua, hangekumbuka Kiingereza akiwa amejawa na hofu. Afadhali kuchora mguu wa kijani ukutani unaoelekea nje. Afadhali pia shule ichague neno moja la Kiswahili, mathalani 'Tokeni!', lisitumiwe kwa jambo jingine lolote, na mlio mmoja wa kengele usiofanana na ule wa mapumziko.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, haukulisahau suala la usalama. Umeliweka, pamoja na upunguzaji wa athari za maafa, katika orodha ya masuala mtambuka yanayopaswa kupenyezwa ndani ya masomo mengine. Kasoro ya mpango huo ni kwamba kazi iliyogawiwa masomo yote huishia kutokuwa ya mwalimu yeyote. Haina kipindi na haina mtihani. Mtoto huoneshwa picha ya kiberiti kitabuni, akaambiwa atie alama ya kosa, akatia, akasifiwa. Hajawahi kutoka darasani kwa haraka hata mara moja.

Turejee kwa suala la utiifu, maana hapo ndipo penye ugumu. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa lilipiga kaskazini mashariki mwa Japani na kufuatiwa na tsunami. Katika mji wa Kamaishi, karibu wanafunzi 3,000 wa shule za msingi na sekondari ya chini walinusurika, zaidi ya asilimia 99. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo walikuwa wamefundishwa kutongoja: ardhi ikitikisika, kila mmoja akimbilie mlimani. Wanafunzi wa sekondari walikimbia kwanza, wa shule ya msingi jirani wakawaona wakawafuata, wakubwa wakawashika wadogo mikono. Walipofika mahali palipopangwa waliona hapafai, wakapanda juu zaidi.

Kwenye pwani iyo hiyo ilikuwapo Shule ya Msingi ya Okawa. Huko watoto walitolewa madarasani vyema, wakapangwa uwanjani, wakahesabiwa. Kisha wakangoja wakubwa waamue waende wapi. Walingoja kwa karibu dakika 50, na nyuma ya shule palikuwa na kilima. Watoto 74 kati ya 108 walikufa, pamoja na walimu 10. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ya Japani iliidhinisha hukumu kwamba wakuu wa elimu walizembea kwa kutoweka mpango madhubuti kabla ya siku ya maafa.

Okawa haikuwa shule ya watu wajinga. Walifanya kile ambacho shule zote duniani hufanya vizuri, yaani kupanga foleni na kungoja agizo. Kamaishi agizo lilikuwa limetolewa mapema, siku za amani, hata mtoto akalichukua kuwa lake. Sisemi watoto wa Gredi ya Pili wajiamulie mambo. Nasema ruhusa ya kutoka siku ya hatari iwe imekwisha kutolewa, na mtoto aijue.

Iwapo mfano wa Japani utaonekana kuwa wa matajiri, upo wa Simeulue, kisiwa cha Indonesia kisichokuwa na ving'ora wala bajeti ya maafa. Tsunami ya mwaka wa 1907 iliwaua watu wengi huko, na waliosalia wakaigeuza kuwa hadithi na nyimbo za watoto: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Desemba 26, 2004, watu wa kisiwa hicho, ambao walizidi 70,000, walikimbia. Waliokufa walikuwa saba. Mawimbi yayo hayo yalipowasili Kenya baada ya saa nyingi yalikuwa yamepungua nguvu, na tukampoteza mtu mmoja. Sisi tuliokolewa na umbali. Wao waliokolewa na mabibi zao. Jomvu Kuu ina mabibi na hadithi tangu enzi. Kazi ya kutia moshi, barabara na mafuriko katika michezo na nyimbo za watoto haihitaji mfadhili.

Pwani kuna jambo ambalo mwongozo wa 2008 haukuligusia. Mtoto wa Kiislamu wa hapa ana shule mbili. Asubuhi yuko chekechea, alasiri na mwisho wa wiki yuko chuoni kwa ustadhi. Madrasa nyingi zimo katika vyumba vyenye mlango mmoja, nyingine chini ya makuti. Julai 2004, katika mji wa Kumbakonam nchini India, moto uliotoka jikoni ulishika paa la makuti la shule na watoto 94 wakateketea. Hakuna afisa wa elimu anayekagua mlango wa chuo, na sitegemei ataanza kesho. Lakini ustadhi ni mtu anayesikilizwa kuliko afisa. Akiamua kwamba kila Jumamosi kabla ya dua watoto watatoka nje kwa zoezi la dakika tano, watatoka. Vivyo hivyo kwa mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani.

Kuhusu barabara, kanuni ya kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena ni nzuri ila haitoshi Miritini. Tangu kazi ya kuipanua barabara kuu ianze, vivuko vimekuwa vikihama, na bodaboda hupita upande usio wake. Mtoto wa chini ya miaka tisa asivuke barabara ile peke yake, basi. Hilo ni somo la mzazi.

Mafuta ni suala zito zaidi. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya 100. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwa bomba ilishika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na takriban watu 100 wakafa. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, lori jingine, na zaidi ya watu 100 wengine. Waliokufa hawakuwa na upungufu wa akili. Lita ishirini za petroli ni zaidi ya mshahara wa siku kwa kibarua wa yadi ya kontena. Mitungi ikikosekana nyumbani, anayetumwa kuitafuta kwa jirani ni mtoto.

Ndiyo maana mtoto wa Miritini afundishwe harufu hiyo: ukisikia petroli, ondoka kuelekea upepo unakotoka, usiguse swichi, mwite mtu mzima. Na akitumwa na ndoo? Malezi yetu hayamruhusu mtoto kumkatalia mamake. Lakini kila mzazi anayesoma makala haya amewahi kusikia maneno, "Mama, mwalimu alisema…" na anajua jinsi yanavyosumbua. Mtoto wa miaka saba aliyeambiwa jambo na mwalimu hachoki kulirudia. Huo ni uwezo ambao Serikali haijawahi kuutumia ipasavyo.

Pamoja na hayo, elimu hii ina mpaka wake, na mfano wake uko papo hapo Jomvu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 kikisambaza madini ya risasi hewani na katika maji. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi inayoingia tumboni mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe alidhurika, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015 kwa kupigana na kiwanda hicho. Mnamo 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka wa 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hakuna zoezi la kujiokoa ambalo lingewafaa watoto wale. Unaweza kuwafundisha kunawa mikono na kutochezea vumbi, lakini sumu iliyo hewani na ndani ya maji haikimbiwi. Aliyetoa leseni ndiye aliyepaswa kufundishwa. Nalitaja hili kwa sababu ninahofia siku ambayo afisa fulani atasimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli na kusema kwamba watoto walikuwa wamepewa mafunzo.

Nani basi aanze? Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, na katika jedwali lilo hilo ikaipa huduma za zimamoto na kukabiliana na maafa. Shule za msingi zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mtoto akivuka kutoka chekechea kuingia Gredi ya Kwanza, amevuka kutoka serikali moja hadi nyingine, na hapo mengi hupotea. Lakini kwa watoto wa miaka minne na mitano, kaunti ya Mombasa ndiyo yenye walimu na ndiyo yenye wazima moto. Haihitaji kibali cha Nairobi kulipeleka gari moja la zimamoto katika chekechea za Miritini siku moja ya muhula.

Faida yake si ya kutazama gari. Mzima moto aliyevaa barakoa ya hewa, mwenye pumzi inayokoroma na taa usoni, anatisha, na mtoto aliyejificha akimwona huzidi kujificha. Akiwahi kumwona akiivaa barakoa hiyo mchana kweupe, akaisikia sauti yake, akamshika mkono, atatoka aitwapo. Aidha, gari hilo likitokea kisiwani lazima lipenye Makupa na Changamwe katikati ya malori, kwa hivyo dakika za mwanzo zitakuwa za mwalimu na watoto peke yao. Wazima moto wenyewe ndio wanaofaa kumweleza mwalimu ukweli huo, kisha wasimame langoni wakiwa na saa, kengele ipigwe, na watoto watoke.

Muda huo uandikwe ubaoni karibu na ofisi: darasa hili limetoka kwa dakika ngapi, wangapi wameitika majina, nani alipatikana amejificha chooni. Wazazi wanaofika siku ya kufungua shule kuulizia karo, sare na alama za hisabati wausome, na wapataje ubao mtupu wamuulize mwalimu mkuu ni kwa nini.